Meza ya Watu Thelathini na Mmoja

Siku hizi Alhamisi saa sita mchana simu zetu hazilii. Zamani zililia zote kwa mpigo mmoja, benki, kwenye karakana ya matrekta, kwenye darasa langu la jiografia, na kila mzazi wa Vipanga, timu ya besiboli ya watoto wetu, alijua bila hata kutazama kwamba karatasi ya Marlys imefika. Sasa saa sita inapita kama saa nyingine yoyote. Ijumaa jioni tunafika kwenye mji wa watu, tunashusha mabegi ya magongo, halafu tunasimama kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli, watu wazima kumi na ushee, tukiulizana tule wapi. Mmoja anasema piza. Mwingine anasema piza tulikula wiki iliyopita. Wa tatu anasema yeye popote ni sawa, na akishasema hivyo ujue hakuna mahali patakapokuwa sawa. Watoto wanakula biskuti za kwenye mashine. Msimu huu tumekula chakula cha jioni kwenye kituo cha mafuta mara tatu.

Kwetu, kaskazini-magharibi ya Iowa, mtoto akishajua kushika gongo la besiboli, wazazi wake wanakuwa wasafiri. Kuanzia Mei hadi Julai hatuna Jumamosi wala kanisa. Tunaendesha gari saa nne kwenda kucheza na watoto wa mji ulio dakika ishirini kutoka kwetu, ambao nao wameendesha saa nne kuja kucheza na sisi. Hakuna anayeona ajabu. Timu isiyolala hotelini hatuihesabu kuwa timu.

Marlys Hoekstra alikuwa akipanga miadi kwenye ofisi ya daktari wa meno. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wenye maumivu. Mumewe, Gerrit, aliendesha lori la maziwa, na kwa kuwa ng'ombe hawajui wikendi, Gerrit hakuwahi kuja kwenye mashindano. Jumapili jioni Marlys alimsimulia mechi zote mezani, mrusho kwa mrusho, maana mtoto wao Tobin alikuwa mrushaji, yule anayewarushia wapigaji mpira. Tangu Tobin ana miaka saba hakuna mpira aliorusha kwenye mechi ambao mama yake hakuuona. Marlys hakulisema hilo kwa kujivuna. Alilisema kama mtu anavyokwambia kwamba hajawahi kuvunjika mfupa.

Sisi wengine tulikuja kumjua kwa ile karatasi. Ilikuwa na pande mbili. Alitutumia kwenye simu Alhamisi, na Ijumaa tukifika hotelini alitugawia nakala zilizofunikwa plastiki, zenye tundu na kamba ya kuvaa shingoni. Humo ulikuta wapi barafu ni ya bure, choo gani cha uwanjani kina mlango unaofungika, hoteli gani ina bwawa lenye maji ya moto na hoteli gani inasema tu kwamba inalo. Ulikuta kwamba mji huu una makumbusho ya mashine za kukatia nyasi, na ule una birika la kahawa lenye urefu wa ghorofa mbili, ambalo halina kahawa. Ulikuta mahali ambapo nyama ya nguruwe hupondwa na kukaangwa hadi inauzidi mkate pande zote, na mahali ambapo bado wanakupa supu nzito ya nyama na maharage pamoja na andazi la mdalasini, kama ilivyokuwa shuleni tulipokuwa watoto. Marlys alikuwa amepiga simu kote huko, ameuliza, na ameandika majina ya waliojibu.

Upande wa kwanza wa karatasi uliitwa Tukifungwa. Ulijaa hadi pembeni. Upande wa pili uliitwa Tukishinda, na ulikuwa na mstari mmoja: Hongera. Mtaarifiwa.

Kwenye mashindano haya, Jumamosi ni ya kupanga timu, na Jumapili saa mbili asubuhi ndipo mchujo unapoanza: ukifungwa, unakwenda zako. Kwa miaka sita Vipanga walicheza Jumapili saa mbili, na saa nne walikuwa watu huru. Tulihuzunika hadi kwenye maegesho. Akina baba waliongea kwa uchungu juu ya mwamuzi. Kisha mtu aliuliza Marlys ametuandikia nini, na uchungu ukaanza kupoa. Saa saba tulikuwa tumekaa mbele ya sahani, wote kwenye meza moja, maana Marlys alikuwa mkali kwa hilo, meza iwe moja. Timu nyingine zilirudi nyumbani na vikombe, sisi tukarudi na vitambi. Nadhani, na hili sijawahi kulisema mbele ya watu, kwamba baadhi yetu tulikuwa tukitazama saa kuanzia zamu ya nne, wakati mechi ina zamu saba.

Kocha wetu, Rusty Brandsma, muuza mbegu za mahindi, hakuwa mmoja wao. Rusty aliamini kwamba siku moja tutashinda, na kwamba siku hiyo tunaichelewesha wenyewe. Kofia yake haikuwa imefuliwa kwa miaka minne. Hakukanyaga mstari mweupe hata akiwa peke yake uwanjani. Mambo yakienda vizuri, hakuna mtu aliyeruhusiwa kubadilisha chochote, si soksi, si kiti, si upande wa kutafunia mbegu za alizeti. Mwaka mmoja bibi yake mtoto fulani alizuiwa kwenda chooni zamu tatu nzima kwa sababu tulikuwa tukiongoza. Msidhani Rusty alikuwa peke yake katika hili. Waliomzuia yule bibi ni sisi.

Mashindano ya mwisho ya kina Tobin yalikuwa Fort Lyle, Nebraska. Watoto walikuwa na miaka kumi na minne, na baada ya hapo kila mmoja angeingia timu ya shule yake. Marlys alikuwa ameshika meza kwa Orville tangu Januari. Kwa Orville ni mkahawa ambapo wanachoma mbavu za nguruwe kwa moshi wa mti wa tufaha usiku kucha, na Jumapili wanatoa meza kubwa moja tu. Watu thelathini na mmoja, saa saba mchana.

Jumamosi tukashinda mechi zote mbili. Sijui niwaelezeje. Alasiri ile wazazi walikaa kando ya bwawa la hoteli kama watu waliopokea barua isiyo yao. Rusty alikuja na karatasi shingoni. Aliigeuza upande wa pili, akasoma ule mstari mmoja, akaigeuza tena.

"Marlys," alisema, "hii Jumapili saa saba. Mbavu kwa Orville."

"Ndiyo. Uwahi, wanaanza na maharage."

"Nusu fainali ni saa saba."

Marlys aliendelea kumenya chungwa. "Najua, Kocha. Ratiba mimi ndiye niliyekutumia."

Ndani ya maji watoto walikuwa wakizamishana.

"Kwa hiyo umetutoa mashindanoni tangu Januari," alisema Rusty.

"Sijamtoa mtu. Nimetazama miaka sita. Wewe niambie, Jumapili gani saa saba tulikuwa uwanjani?"

"Mwaka ule wa mvua," alisema Denny Faber, baba wa mrushaji wetu wa pili.

"Mwaka ule wa mvua mechi ya asubuhi ilisogezwa, Denny. Na tukafungwa kumi na nne."

Mke wangu Corinne alificha kicheko ndani ya taulo. Rusty hakucheka. Alishika kofia yake kwa vidole viwili.

"Vitu kama hivi husikika, Marlys."

"Husikika na nani?"

"Husikika tu."

Marlys alitazama vipande vya chungwa mkononi mwake, akampa Rusty kimoja, naye Rusty akakipokea kwa sababu alilelewa vizuri. "Nikupe la kufanya," alisema Marlys. "Simu leo hawapokei, wamejaa. Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe nikawaombe wasogeze. Tobin anarusha saa mbili?"

"Harushi. Namweka kwa mechi kubwa."

"Basi nitakwenda wakati huo. Nitarudi kabla hajagusa mpira."

Kwa Orville ni nusu saa kutoka uwanjani, njia ya lami katikati ya mahindi. Aliondoka saa moja na nusu. Ilikuwa mara ya kwanza kiti chake, kile cha kijani nyuma ya wavu ulio mgongoni mwa mpigaji, kubaki kimekunjwa.

Tukashinda tisa kwa moja.

Rusty alituita wazazi kando. Hakuwa na furaha usoni, alikuwa na uso wa fundi anayetafuta kinachovuja. Aliuliza nani amebadilisha nini. Tukajikagua. Soksi zilikuwa zile zile, na zilinuka kuthibitisha. Viti vilikuwa pale pale. Denny alikiri kwamba amepiga mswaki, lakini alikuwa amepiga na Jumamosi. Kisha macho ya watu, moja baada ya jingine, yakaenda kwenye pengo nyuma ya wavu.

"Akae huko huko," alisema Rusty.

Ningependa kuandika kwamba kuna aliyepinga. Mimi nilikuwa natafuna mbegu za alizeti, upande wa kushoto. Corinne ndiye aliyetakiwa kupiga simu, kwa kuwa alikuwa rafiki yake.

"Marlys, tumeshinda."

"Nani karusha?"

"Mtoto wa Denny. Sikiliza. Kocha anaomba ubaki huko."

"Huko wapi?"

"Hapo kwa Orville."

"Nibaki nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Ndiyo maana yenyewe." Corinne alifumba macho. "Si mimi, Marlys. Unawajua hawa."

Simu ilikuwa kwenye spika, tukasikia sahani zikipangwa.

"Saa saba Tobin anarusha?" aliuliza Marlys.

"Hapana. Kocha anasema tukipita, anamweka fainali."

"Basi nitakaa hadi fainali. Fainali mwambie asiniombe."

Yaliyotokea kule alinisimulia baadaye. Mpanga meza wa kwa Orville wakati huo alikuwa Bi Ardith, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. Marlys alimwomba asogeze meza hadi jioni. Bi Ardith alimjibu kwamba mbavu za watu thelathini na mmoja ziliingia kwenye moshi jana, na kwamba moshi hauna jioni. Saa saba kamili meza ilikuwa tayari, ndefu kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni, vikombe thelathini na kimoja vya maji, na Marlys peke yake kwenye ncha. Alikuwa amesema watakuwa wengi, na hakuwa mtu wa kuweka meza akaikimbia.

Watu waliotoka kanisani walipita wakimwangalia. Mzee mmoja alisimama.

"Wenzako wako njiani?"

"Hapana," alisema Marlys. "Wanashinda."

"Pole sana," alisema yule mzee.

Maharage yakaja, kisha kabichi, kisha mkate wa mahindi, kisha mbavu, sahani baada ya sahani, zikapangwa mbele ya viti vitupu. Marlys alikula fungu lake. Alisema zilikuwa nzuri kuliko alivyotumaini, nyama inaachia mfupa bila kulazimishwa, na kwamba hicho ndicho kilichomuuma: hakuwa na mtu wa kumwambia.

Sisi tukashinda saba kwa sita. Mpira wa mwisho ulimgonga mwanangu Eliot kwenye kofia ngumu, na kwa kuwa mpigaji akigongwa hupewa kituo, na vituo vyetu vyote vilikuwa vimejaa, hivyo ndivyo tulivyopata pointi ya ushindi. Rusty alilia kidogo. Fainali ilikuwa saa kumi.

Corinne alipiga simu tena. "Tumepita. Tobin anarusha."

"Nakuja."

"Marlys, Kocha anasema—"

"Mwambie nimeshaondoka."

Alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa na Bi Ardith nyuma ya gari, wakipakia mbavu za watu thelathini kwenye trei za bati. Lakini alifika saa kumi kasoro dakika tano, na sisi tulinusa kabla ya kuona. Moshi wa tufaha ulikuja na upepo kutoka kwenye maegesho, ukapita juu ya uzio, na watoto tisa wakageuza vichwa kama mbwa.

Alitembea mbele ya safu nzima ya wazazi. Hakuna aliyemsalimu. Watu tuliokula naye Jumapili za miaka sita tulipata kazi ya ghafla na kamba za viatu. Aliingia nyuma ya wavu, akakunjua kile kiti cha kijani, akakaa, akaweka mikono magotini. Rusty hakugeuka. Tobin, juu ya kichuguu cha mrushaji, aligusa ncha ya kofia yake kwa kidole kimoja, halafu akaanza.

Sina ujuzi mkubwa wa besiboli, ingawa nimekula sana kwa ajili yake. Lakini najua nilichokiona zamu tatu za kwanza. Mtoto yule mwembamba alirusha kama mtu anayefunga milango ya nyumba yake jioni, mmoja, wa pili, wa tatu, bila haraka, na wapigaji wakarudi kukaa, magongo yao hayajagusa mpira. Mama yake hakupiga makofi. Midomo yake ilikuwa ikienda polepole. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa akikariri, ili Gerrit asikose hata mmoja.

Zamu ya nne mpira mlaini, wa kubingirika tu, ulikwenda kwa mwanangu Eliot. Ulipita katikati ya miguu yake. Wakimbiaji wao wawili wakaingia, pointi mbili. Baada ya hapo watoto walishtuka, mipira ikatupwa huku na huku, na tukafungwa tano kwa mbili.

Kisha tukabaki tumesimama kwenye maegesho, saa kumi na mbili kasoro, watu thelathini ambao hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Marlys alifungua mlango wa nyuma wa gari na kuondoa karatasi za bati. Hakusema karibuni. Watu walisogea wenyewe, kwanza watoto, kisha akina mama, kisha akina baba wakijifanya wanawatafuta watoto. Tulikula kwa mikono, tumesimama, tukiweka mifupa juu ya boneti la gari la Rusty. Rusty alikula mbavu saba. Nilihesabu kwa sababu sikutaka kumtazama mtu usoni.

Tobin alikuja na glavu chini ya kwapa. "Mama, umeona ule wa zamu ya tatu? Uliokata kona?"

"Nimeona yote."

"Baba utamwambia?"

"Nitamwambia na huo uliokata kona."

Denny Faber alilamba kidole gumba. Alisema, si kwa sauti kubwa wala ndogo, "Angebaki huko tu. Saa hizi tungekuwa na kikombe."

Hakuna aliyeuliza anamsema nani. Wengine waliitikia kwa vichwa, midomo myekundu kwa mchuzi. Mwanangu alikuwa amesimama karibu yangu, na alikuwa anajua, na alijua kwamba najua, mpira ule ulipita wapi. Ingetosha niseme neno moja. Niliona mzigo umeshatua juu ya bega la mtu mwingine, nami nikauacha pale, nikajiambia ni kwa ajili ya mtoto.

"Denny," alisema Marlys, "chukua na maharage. Yatapoa."

Mwaka uliofuata Rusty aliunda timu mpya ya wadogo zao, mdogo wake Eliot akiwemo. Kila mmoja wetu alidhani mwingine amemwomba Marlys aendelee na karatasi. Wapo pia waliosema, kwa upole, kwamba labda safari hii tusichokoze bahati. Hakuna aliyemwomba. Marlys hakuwa mtu wa kuja bila kuitwa. Alhamisi ya kwanza ya Mei, saa sita mchana, nilimwona Rusty kwenye duka la mbegu akiitazama simu yake, akaitikisa kidogo, akairudisha mfukoni.

Tobin alipomaliza shule, Gerrit alipata kazi ya lori la maziwa upande wa Nebraska, wakahama. Sisi bado tunafungwa Jumapili saa mbili asubuhi, na saa nne tunakuwa huru, hatuna pa kwenda.

Januari hii niliwapigia simu kwa Orville. Nilijua sauti kabla haijamaliza salamu, na yeye alijua yangu, lakini alinihudumia kama mteja.

"Watu wangapi?"

"Ishirini na saba."

"Mechi yenu ya asubuhi ni saa ngapi?"

"Saa mbili."

Nilisikia kalamu.

"Marlys," nilisema, "ule mpira ulimpita Eliot."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya wavu." Kalamu iliendelea. "Nawaandika saa saba. Mwambie Eliot naye aje."

Bi Ardith alistaafu miaka miwili iliyopita. Marlys Hoekstra yuko kwa Orville, nje ya Fort Lyle, anapanga meza, na Jumapili zote yuko kazini.